Azimio la Pumzi Moja

Nchi ya Heko ilikuwa na bahati ambayo nchi nyingine huisikia redioni tu: huko, tajiri na mfanyakazi walikuwa wamepatana. Hawakupatana juu ya mshahara, la. Mshahara ulikuwa bado unajadiliwa, na wajumbe wa kamati ya kuujadili walikuwa wamezeeka humo humo ndani ya majadiliano. Hawakupatana juu ya madirisha ya kiwanda cha nguo, ambayo Mkurugenzi aliyapigilia misumari kwa sababu upepo hukata nyuzi. Walipatana juu ya sigara. Haki ya mfanyakazi wa Heko kuvuta sigara kazini ililindwa na chama cha wafanyakazi, ikapigiwa saluti na tajiri, na kugharamiwa na Kampuni ya Sigara Pumziko, na palipokuwa na wapenzi watatu namna hiyo, nani angethubutu kuuliza habari za mshahara?

Mgeni asiyejua siasa angeweza kushangaa kuona watu wakivuta sigara katikati ya marobota ya pamba. Wenyeji hawakushangaa. Kando ya kila mashine palikuwa na ndoo ya mchanga iliyopakwa nembo ya Pumziko, na siku moto ulipozuka katika chumba cha kuchambulia, iliundwa tume ikachunguza, ikathibitisha kwamba kosa lilikuwa la pamba, iliyokaa karibu mno na sigara. Pamba ikapewa onyo kali.

Katika kiwanda hicho alikuwepo Mshindo, fundi wa mitambo kwa ajira na manju wa chama kwa sauti. Umanju wake haukuwa pambo. Mwanzilishi wa chama, Mzee Kihampa, alikuwa mtu asiyeyaamini maneno marefu. Alipokuwa akifa aliacha wosia mmoja: neno la wafanyakazi lisizidi pumzi ya mfanyakazi. Ndiyo maana azimio la chama halikusomwa wala kupigiwa kura. Liliimbwa na manju kila mwaka siku ya hitima yake, ubeti mmoja, kwa pumzi moja, na wanachama wakaitikia. Pumzi ikifika mwisho, azimio limepita. Pumzi ikikatika njiani, azimio limekufa, wala halifufuliwi mpaka hitima ya Mzee Kihampa irudi tena mwaka unaofuata. Na kwa kuwa limekufa, wanachama husimama mmoja mmoja wakampa Mwenyekiti mkono wa pole, kama ilivyo ada ya watu wastaarabu wanapofiwa.

Haikuwahi kutokea. Mshindo alikuwa na kifua kama mvukuto wa mhunzi. Alijua kwamba ana kifua hicho, na hakuwa mnyenyekevu juu yake.

*

Mwaka huo serikali ya Heko ilileta Muswada wa Hewa. Ulisema watu wavutie sigara nje, vyumba vya kazi viwe na hewa, na madirisha yaliyopigiliwa misumari yafunguliwe. Lakini kwa kuwa Heko ilikuwa nchi ya demokrasia, muswada ulikuwa na kifungu cha mwisho: kiwanda ambacho wafanyakazi wake watakataa hewa kwa sauti yao wenyewe, kiachwe kama kilivyo.

Siku ya pili yake, bwalo la chakula lilipambwa kwa vitambaa. Aliyesimama kuhutubia alikuwa Bwana Teofili, ambaye Pumziko ilimpa cheo cha Balozi wa Hewa. Alivaa suti ya rangi ya majivu, na yeye mwenyewe hakuvuta. Alisema daktari wake alimkataza kwa sababu za kibinafsi.

"Ndugu wafanyakazi," alisema Balozi wa Hewa, "wataalamu wetu wameichunguza hewa ya kiwanda hiki kwa makini. Wamekuta vumbi. Wamekuta jasho. Wamekuta harufu ya vitunguu. Moshi wa sigara tumeukuta pia, lakini tulipouhoji, hatukuona kosa lake. Hewa ni mkusanyiko wa mambo mengi, ndugu zangu. Tusiubague moshi."

Mkurugenzi akapiga makofi. Kisha akasimama Mwenyekiti wa chama, Ndugu Mahundi, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye miezi michache nyuma alikuwa haketi meza moja na Mkurugenzi. Leo walikuwa wameketi bega kwa bega wakiwashiana sigara.

"Mnakumbuka mwaka ule," alisema Mahundi, "tajiri huyu huyu alipowafukuza wenzetu kwa kisingizio cha kukutwa na sigara chooni?"

Watu wakanguruma. Walikumbuka. Mkurugenzi aliinamisha kichwa kwa aibu aliyoifanyia mazoezi.

"Basi leo ametubu. Anasema vuteni mpaka mchoke. Na serikali inasema msivute. Nani rafiki yenu hapo? Leo watawanyang'anya sigara, kesho watawanyang'anya kikohozi."

Watu wakacheka, wakashangilia. Mshindo naye alicheka. Kusema haki, hakuwa na ugomvi na sigara. Alivuta Pumziko mbili kwa siku, moja baada ya kahawa na moja baada ya hasira, na mwaka ule wa kufukuzana rafiki yake mmoja alikuwa miongoni mwa waliotupwa nje. Maneno ya Mahundi yalimwingia. Yangemkaa kabisa, lau nyuma ya bwalo kusingesikika kikohozi kimoja kirefu, kikavu, ambacho angekitambua hata ndani ya ngurumo ya mashine zote.

Kilikuwa cha mkewe.

*

Mkewe huyo, Sikudhani, alianza kazi kiwandani kabla ya Mshindo. Nyumba ya kiwanda waliyokaa ilikuwa kwa jina lake, na siku atakayoacha kazi ndiyo siku watakayohama, wao na mtoto wao Chiku. Alifanya kazi katika chumba cha kuchambulia, chumba chenye vumbi kuliko vyote na dari ya chini kuliko zote, ambako moshi wa wasimamizi uliingia ukakosa njia ya kutokea, ukakaa kama mpangaji asiyehamishika.

Zamani yeye ndiye alikuwa mwimbaji. Mshindo alimsikia kabla ya kumwona: alikuwa akitengeneza mkanda wa mashine, na sauti ikaja kutoka ng'ambo ya ukuta, ubeti mzima bila kutweta.

*Uzi wangu nausuka, nausuka taratibu,*
*Ukikatika nashika, naufunga kwa adabu…*

Alipeleka posa kabla hajauliza jina la mwenye sauti. Sasa Sikudhani akijaribu wimbo huo jikoni, alifika "nausuka" ya pili akashika ukuta.

Daktari wa zahanati ya kiwanda, aliyelipwa nusu na Mkurugenzi na nusu na Pumziko, alimshauri apunguze kupumua. Daktari wa hospitali ya serikali alikuwa na maneno machache zaidi. "Chumba hicho, mama, ama ukiache wewe, ama kikuache chenyewe."

"Kikuache vipi?" Mshindo aliuliza.

Daktari alikuwa ameshamwita mgonjwa anayefuata.

*

Mahundi alimwita manju ofisini kwake kumpa azimio. Lilikuwa limetungwa na Balozi wa Hewa, aliyehesabu mizani kwa vidole huku akijipongeza. Mshindo alilisoma, akahisi ulimi wake umelala juu ya kitu kichachu.

"Jaribu, manju wetu," alisema Mahundi. "Tukusikie."

Ofisini mlikuwa na watu watatu na sigara tatu. Mshindo alijaza kifua akaanza. Katika mstari wa tatu kitu kilimkwaruza kooni. Akakaza. Kikakwaruza tena, akakohoa, na azimio likafa hapo hapo mezani, bahati nzuri bila mashahidi.

Mahundi na Balozi wakatazamana. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Heko, wataalamu wa Pumziko walikiri kwamba moshi huweza kumzuia mtu jambo fulani.

"Lipo tatizo la kiufundi," alisema Balozi.

"Ukumbini kutakuwa na watu mia nane wanaovuta," alisema Mahundi. Sauti yake ya kubembeleza ilikuwa imepauka. "Na manju habadilishwi akishakabidhiwa azimio. Ndivyo katiba inavyosema."

Balozi alifikiri, akainua kidole. "Basi tutapiga marufuku kuvuta sigara ukumbini. Kwa muda. Kwa ajili ya kutetea uhuru wa kuvuta sigara. Na madirisha ya ukumbi yang'olewe misumari. Na manju asiingie kiwandani mpaka siku hiyo. Akae nje, apate hewa."

"Kumbe hewa ipo," alisema Mshindo.

"Ipo kwa wenye majukumu," alijibu Balozi bila kucheka.

Mahundi alimsindikiza Mshindo mpaka mlangoni, akamshika bega. "Ndugu yangu, najua habari za shemeji. Kifua kile kinatuumiza sote. Ghala la nguo kule uani lina milango miwili, upepo unapita toka asubuhi mpaka jioni. Siku utakapolifikisha azimio mwisho, kesho yake Sikudhani anahamia ghalani. Nyumba mnabaki nayo. Neno langu hilo."

"Na nisipolifikisha?"

Mahundi alimpangusa vumbi begani, vumbi ambalo halikuwepo. "Wewe? Mwenye kifua kama hicho? Watu watajua umefanya kusudi. Na mimi nitajua."

*

Sikudhani alisikiliza habari hiyo huku akichambua mchicha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na Mshindo akaingiwa na hofu.

"Ghalani," alisema hatimaye. "Kule kunanukia sabuni."

"Ndiyo."

"Na kwenye mashine yangu atawekwa nani?"

Mshindo hakuwa amefikiria hilo.

"Zamda," alijijibu Sikudhani. "Ndiye wa zamu ya akiba. Na mimba ile." Akatupa jani bovu. "Lakini Zamda ana mumewe. Mumewe si manju, bahati mbaya yake."

"Mama Chiku, unataka nifanye nini?"

"Mimi sikwambii."

"Sema tu."

"Sikwambii, bwana we. Nikikwambia uimbe, nitakuwa nimemuuza Zamda. Nikikwambia usiimbe, nitakuwa nimekufundisha kazi yako, na wewe kwa majivuno yako utanuna mpaka Chiku aolewe." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, naye akageukia ukuta mpaka kilipopita. Aliporudi, macho yake yalikuwa na maji. "Ukiimba nitahamia ghalani, na nitalala vizuri sana. Ndilo ninaloogopa hilo."

Mshindo alitoka akaenda kukaa uani. Akatia mkono mfukoni, akaikuta Pumziko yake ya hasira, akaigeuzageuza, asiiwashe. Kifua chake kilikuwa kinazidi kusafika. Aliweza kuhisi nafasi ikirudi ndani yake, chumba kwa chumba, na kila chumba kilichorudi kilikuwa na swali lile lile.

*

Siku ya hitima ya Mzee Kihampa, baada ya dua na pilau, ukumbi ulijaa mpaka barazani. Mlangoni ndoo za mchanga za Pumziko zilipangwa safu, na kila aliyeingia aliombwa azime. Vijana wa Pumziko waliovaa fulana za nembo waliwakagua watu mifuko kwa heshima kubwa, wakiwanyang'anya sigara ambazo wiki nzima waliwagawia bure.

"Ndugu wafanyakazi," alitangaza Balozi wa Hewa, "ili tuutetee moshi kwa ufasaha, tunauomba utupishe kidogo."

Madirisha yalikuwa wazi. Wakati watu wakiketi, jambo la ajabu lilianza kutokea: ukumbi ulianza kuonekana. Wazee walitambua kwamba ukuta wa mbele ni wa kijani. Picha ya Mzee Kihampa, ambayo wengi walidhani ni ya mtu aliyekasirika, ilikuwa inatabasamu.

Mkurugenzi aliketi mbele, na kando yake karani wa Bunge aliyeletwa kuishuhudia sauti ya wafanyakazi. Mahundi alimpa Mshindo ishara. Mshindo akapanda jukwaani.

Kabla ya kuimba, manju hutafuta watu wake. Mshindo alikuwa na desturi ya kumtafuta Sikudhani kwa sikio. Katika mikutano yote ya miaka ya karibuni alijua mkewe kaketi wapi kwa kile kikohozi. Akatega sikio kushoto. Hakuna. Akatega kulia. Hakuna. Ukumbi ulikuwa kimya namna asiyoijua, na kwa nukta moja moyo ulimshuka akidhani mkewe amezidiwa, hakuja.

Ndipo alipomwona. Alikuwa dirishani pamoja na wenzake wa chumba cha kuchambulia, Zamda mbele yake na mkono juu ya tumbo. Ushungi wa Sikudhani ulikuwa ukipepea. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Alikuwa anapumua tu, kama watu wengine, wala hakuonekana kujua kwamba anafanya jambo lolote la maana.

Mshindo alivuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Akaanza.

*Sote kwa sauti moja, twatetea wetu moshi,*

Sauti ilijaa ukumbi mpaka darini. Mahundi alifumba macho kwa raha.

*Mwajiri nasi pamoja, hatuna tena ubishi,*

Karani wa Bunge alitikisa kichwa kufuata lahani. Mkurugenzi alimnong'oneza Balozi kitu, wote wakatabasamu.

*Sigara ni letu koja, halidhuru, halichoshi,*

Kooni hapakukwaruza kitu. Pumzi ilikuwa bado nyingi. Angeweza kuumaliza ubeti na kuurudia. Wanachama walianza kujiweka sawa ili waitikie, maana waliitikia kila mwaka, na mazoea yana mdomo wake.

*Kikohozi si kioja…*

Hapo akanyamaza. Akafunga mdomo. Na mbele ya watu mia nane, taratibu, kwa pua, akapumua.

Aliyekuwa nyuma kabisa alisikia. Katika ukumbi ule wenye hewa, pumzi ile ilisikika kama mlango unaofunguliwa.

Mahundi alifumbua macho. Alisogea jukwaani akiwa bado na tabasamu ambalo lilikuwa halijapata habari.

"Manju," alisema kwa upole, "umeshindwa?"

"Sikushindwa, Mwenyekiti. Nimepumua."

"Kwa nini?"

"Hewa ilikuwa nzuri."

Balozi wa Hewa aliruka kutoka kitini. Alisema ile haikuwa pumzi, ilikuwa kituo cha kishairi. Alisema pumzi ya pua haihesabiwi. Alisema Pumziko ilikuwa tayari kuigharamia pumzi ile, ihesabike kama msaada kwa jamii. Alipokuwa bado anasema, Zamda alisimama dirishani. Alipita kati ya viti polepole, kwa uzito wake, akapanda ngazi moja ya jukwaa, akampa Mahundi mkono.

"Pole, Mwenyekiti," alisema. "Poleni kwa msiba."

Mahundi alitazama ule mkono. Angeukataa, angekuwa mwenyekiti wa kwanza wa Heko kukataa mkono wa pole siku ya hitima. Akaupokea.

Nyuma ya Zamda alikuja Sikudhani, na nyuma ya Sikudhani chumba chote cha kuchambulia, kisha wasokotaji, kisha wapaka rangi. "Pole, Mwenyekiti." "Mungu akupe subira." "Lilikuwa azimio zuri, limeondoka mapema." Safu ilizunguka ukumbi ikatoka mpaka barazani. Wengine walimpa mkono Balozi pia, wakamuuliza kama marehemu alikuwa akiumwa. Mkurugenzi, asiyejua la kufanya, alijikuta amesimama kwenye safu ya wafiwa akipokea pole za watu aliowafukuzia ndugu zao. Karani wa Bunge aliandika kwamba sauti ya wafanyakazi imefariki kwa kupumua, akafunga begi lake, akaenda kula pilau iliyobaki.

Sikudhani alipofika mbele ya mumewe, alimsukuma begani kidogo, pale pale Mahundi alipompangusa.

*

Sheria ya Hewa iliingia kiwandani, na misumari ikang'olewa. Nyuzi hazikukatika. Pumziko, kampuni isiyo na kinyongo, ilipachika kibao chini ya kila dirisha: *Hewa hii mmeipata kwa hisani yetu.* Balozi wa Hewa alipandishwa cheo akawa Balozi wa Maji.

Mahundi naye alitimiza neno lake, yaani ile nusu ya pili aliyoiacha bila kuisema. Mshindo alivuliwa umanju, akaondolewa kwenye mitambo, akapewa kazi ya kufagia masalio ya pamba uani juani. Katiba ikarekebishwa: manju mpya aliruhusiwa kupumua kila Mwenyekiti atakapoona inafaa, na azimio la mwaka uliofuata lilianza asubuhi likaendelea mpaka chakula cha mchana, na hakuna hata mmoja aliyeweza kukumbuka lilihusu nini. Mshahara ulibaki unajadiliwa. Sikudhani hakuhamishiwa ghalani. Zamda alijifungua salama, akarudi kazini, kwenye mashine iliyo jirani na ya Sikudhani.

Siku moja saa ya mapumziko, Mshindo alikuwa ameegemea ukuta wa nje pamoja na wanaume wengine, jua la utosi likiwapiga, kila mmoja na sigara yake, kila mmoja akilaani sheria iliyowaleta pale. Mshindo alilaani kuliko wote. Alikuwa bado na Pumziko yake ya baada ya hasira, na siku hizi hasira hazikuwa chache.

Juu ya kichwa chake palikuwa na dirisha la chumba cha kuchambulia. Sauti ikatoka humo, nyembamba, yenye mikwaruzo, ya mtu anayepima daraja kwa mguu mmoja.

*Uzi wangu nausuka, nausuka taratibu,*

Mshindo aliacha kulaani.

*Ukikatika nashika, naufunga kwa adabu,*

Hajawahi kufika hapa, aliwaza, tangu Chiku aanze shule. Hakujua kwamba yeye mwenyewe ameacha kupumua.

*Na wewe ukinitaka, uje umwambie babu,*

Sauti ilitetemeka. Ikashika kitu, ikasimama.

*Uzi haujakatika, ningali nina jawabu.*

Ilifika mwisho. Ilikuwa imechakaa na imekonda, lakini ilifika, kwa pumzi moja, na ndani wanawake wakaitikia kwa vigelegele vilivyofunika mashine. Sigara ilikuwa imeteketea yenyewe mpaka ikamchoma Mshindo kidole. Akaiangusha.

Kichwa cha Sikudhani kikachomoza dirishani, na nyuzi nyeupe za pamba kwenye ushungi.

"Baba Chiku," alisema, "moshi wenu unaingia huku. Sogeeni."

Wakasogea.